Fundi wa Redio Asiyejua Kupiga Gita: Maisha ya Leo Fender

Katika jarida letu la Chama cha Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya watu kama Shaaban Robert, Dedan Kimathi na Wangari Maathai. Ni vyema, na tuendelee hivyo. Mwaka huu lakini naomba nafasi nisimulie maisha ya fundi mmoja wa Marekani, Leo Fender, aliyeaga dunia mwaka wa 1991 kabla sisi wanafunzi hatujazaliwa. Huenda ukauliza, Mmarekani huyo ananihusu nini mimi mtoto wa Nyeri? Subiri kidogo. Mgala muue na haki yake mpe, na huyu ananidai haki yake, kwa sababu skurubu nne alizozifikiria yeye ndizo zilizonirudisha shuleni muhula huu.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni mwanamuziki. Hana bendi. Hupiga gita la stima peke yake huku mashine ndogo ikimpigia ngoma, na huimba nyimbo za Kikuyu katika hoteli na sherehe za Karatina, Nyeri mjini, Naro Moru hadi Nanyuki. Sehemu ya karo yangu hutoka kwenye nyuzi sita za gita hilo. Ni gita la rangi ya samawati, tena si la bei kubwa. Limeundwa kwa kuiga lile gita mashuhuri liitwalo Stratocaster.

Likizo ya Agosti iliyopita baridi yetu ya Nyeri ilikuwa imeshika kwelikweli. Kirinyaga haukuonekana kwa ukungu na manyunyu hayakukoma. Mbao hunywa unyevu kama mkate unavyokunywa chai, na shingo ya gita ni mbao. Shingo la Mjomba likapinda, nyuzi zikainuka juu, naye akaanza kulalamika kwamba vidole vyamuuma. Mimi nami, mjuaji wa kijiji, nikajitia fundi. Nilikuwa nimeona mtu akizungusha nati iliyo mwisho wa shingo, karibu na kichwa cha gita. Nati hiyo imeshika chuma kirefu kilichofichwa ndani ya mbao, na kazi yake ni kuizuia shingo isivutwe na nyuzi. Nikachukua spana isiyotoshana na nati, nikazungusha. Nikazungusha tena. Sikupima lolote. Spana ikateleza, pembe za nati zikaliwa zote, na shingo ikapinda kuelekea nyuma. Nikalirudisha gita mkobani na nikanyamaza kimya.

Jumamosi Mjomba akaenda Nanyuki kupiga harusini. Kila alipogusa uzi, gita lilivuma kama nyuki mzingani. Wenye sherehe hawakumvumilia hata saa moja. Akarudi usiku wa manane mikono mitupu, tena nauli amekopa. Jumapili baada ya kanisa nikamkiri kosa langu huku miguu ikitetemeka. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinieleza tu kwamba pesa za Nanyuki ndizo zilizokuwa za karo yangu, kisha akanipa gita na kuniamuru nilipeleke kwa fundi wa redio mjini, nikae huko mpaka nijue nilichoharibu.

Fundi huyo ni mzee mwenye kibanda karibu na stendi ya matatu. Kibandani mwake mna redio zilizofunguliwa matumbo, spika zilizochanika na harufu ya risasi ya kulehemu. Nilimwuliza kama fundi wa redio aweza kutengeneza gita. Akacheka sana. Ndipo akaanza kunisimulia habari za Leo Fender, na yaliyobaki nikayasoma mwenyewe maktabani.

Jina lake kamili ni Clarence Leonidas Fender. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliota uvimbe, na jicho lake la kushoto ikabidi litolewe. Akawekewa jicho la kioo, akaishi nalo hadi kufa kwake. Fikiria basi, kazi yote ile ya nyaya nyembamba kama unywele aliifanya kwa jicho moja!

Mwaka wa 1922 jamaa mmoja wa ukoo, aitwaye John West, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari, alimpelekea sanduku la vipuri vya redio vilivyotupwa. Mwaka uliofuata Leo alimtembelea katika mji wa Santa Maria. Pale mbele ya karakana palikuwa na redio ambayo jamaa huyo aliiunda kwa vipuri, nayo ikitoa muziki kwa sauti kubwa. Sauti hiyo ilimwingia kijana akilini isimtoke tena. Kurudi nyumbani, akaanza kutengeneza redio za watu kwa wazazi wake.

Alimaliza shule ya upili mwaka wa 1928, akaingia chuo cha Fullerton. Je, alisomea umeme? La hasha. Alisomea uhasibu. Mambo ya umeme alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Akafanya kazi katika kampuni ya barafu, kwanza ya kupeleka mizigo, kisha ya kuweka hesabu. Siku za mapumziko aliendelea na ufundi wake, na kiongozi mmoja wa bendi akamwagiza amtengenezee mitambo sita ya kupaza sauti kwa ajili ya densi.

Mwaka wa 1934 alimwoa Esther Klosky, akapata kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi duniani. Nafasi yake ikafutwa. Akaajiriwa na kampuni ya magurudumu, nako baada ya miezi sita akatolewa. Hapo ndipo mhasibu mwenye mke na asiye na kazi alipoamua kurudi kwenye kazi ya utotoni. Mwaka wa 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wenzangu, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Sisi tukiona mtu wa jua kali tunafikiri amefika hapo kwa kushindwa. Na kweli Leo alifika pale kwa sababu milango mingine ilifungwa. Lakini duka lile lilimfunza jambo ambalo hangelipata katika kiwanda chochote: kila siku watu walimletea vitu vilivyokufa. Wanamuziki walimletea vipaza sauti na magita yao, naye akajua ni kipi hulegea, ni kipi huungua, na ni uzi upi wa shaba hukatika kwanza. Alifahamu magonjwa ya gita kabla ya kuunda gita lake la kwanza.

Magita ya umeme ya zamani hizo mengi yalikuwa na tumbo wazi, kama gita la kawaida. Ukiongeza sauti, tumbo hutetemeka pamoja na spika na gita hupiga mayowe. Dawa yake ni kuunda gita la ubao mzima usio na uwazi. Leo hakuwa mtu wa kwanza kufikiria hivyo. Mwaka wa 1943, pamoja na mwenzake Doc Kauffman, aliunda gita la majaribio la ubao mzima ili kujaribu pikapu yao, yaani kile kifaa chenye sumaku na waya uliozungushwa maelfu ya mara, kinachougeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Wanamuziki wa mtaani wakapenda kuliazima. Mwaka wa 1945 wawili hao walifungua kampuni. Kauffman alijitoa mwaka wa 1946, Leo akaendelea kwa jina lake mwenyewe.

Mwaka wa 1950 akatoa gita aliloliita Esquire. Sasa sikiliza vizuri, kwa maana habari hii ndiyo iliyonipa moyo. Leo aliamini mbao ngumu ya shingo ingeweza kustahimili mvuto wa nyuzi bila msaada, kwa hiyo magita yale ya kwanza hayakuwa na chuma ndani. Kumbe! Shingo nyingi zikapinda, na ikabidi wateja wabadilishiwe. Hata bingwa alipindisha shingo! Tofauti kati yake na mimi ni kwamba yeye hakuficha gita mkobani. Alikubali ushauri, akatia chuma cha kurekebisha, na mwaka huohuo gita likatoka upya kwa jina la Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ina ngoma zenye jina kama hilo, basi mwaka wa 1951 gita likapewa jina la Telecaster, na ndilo jina lililobaki.

Watengenezaji wengi wa magita walikuwa wakiigundisha shingo kwenye mwili kwa ustadi mkubwa, kama seremala mzuri anavyounga kiti. Ikivunjika, kazi ni ya fundi bingwa na gharama si haba. Leo alifikiri kama fundi wa redio: kitu kinachoharibika lazima kiweze kutolewa. Basi shingo yake akaifunga kwa skurubu nne tu kwa nyuma. Chukua bisibisi, fungua, toa, weka nyingine. Waliozoea ustadi wa zamani walilidharau gita hilo. Hata hivyo mwanamuziki aliyekuwa njiani, mbali na mji mkubwa, alielewa mara moja faida yake.

Mwaka wa 1951 pia alitoa Precision Bass. Kabla ya hapo besi kwa kawaida ilikuwa chombo kirefu kuliko mtu, cha kusimama nacho. Leo akaifanya gita la kuvaa mabegani, lenye vyuma shingoni ili mchezaji apate noti sawasawa bila kubahatisha. Yeyote aliyewahi kusikia benga anajua besi inavyosema na gita katika muziki huo. Besi hiyo ya kuvaliwa mabegani ilitokana na kazi ya fundi huyu.

Mwaka wa 1954 likazaliwa Stratocaster. Wanamuziki akina Bill Carson walikuwa wamemweleza shida zao. Kona za Telecaster ziliwachoma mbavuni; basi Leo, akisaidiwa na Freddie Tavares na wengine, akalichonga gita jipya lifuate umbo la mwili. Telecaster ilikuwa na vitegemeo vitatu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, kwa hiyo ukisawazisha uzi mmoja wa pili unaweza kukosea. Stratocaster ikapewa vitegemeo sita, kila uzi na chake. Ikawa na pikapu tatu. Ni gita hilo ambalo Jimi Hendrix, mpigaji wa mkono wa kushoto, alilipindua na kulipiga mbele ya umati wa Woodstock mwaka wa 1969.

Na ajabu ya Musa ni hii: Leo Fender hakujua kupiga gita. Ujanani alijaribu piano na saksafoni tu. Basi aliwezaje? Alisikiliza. Kila chombo kipya aliwapa wapigaji wakajaribu, wakamrudishia malalamiko, naye akafungua tena bisibisi mkononi. Wengi wetu tukikosolewa insha hununa siku mbili. Yeye malalamiko yalikuwa ndiyo malighafi yake.

Miaka ya 1950 alipatwa na ugonjwa wa koo na pua uliomsumbua kwa muda mrefu. Akidhani siku zake zimekaribia kwisha, aliiuza kampuni mwaka wa 1965 kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye akapata daktari mwingine, akapona! Mtu mwingine angeketi kula pesa zake. Yeye alirudi mezani, kwanza na kampuni ya Music Man, iliyotoa besi ya StingRay mwaka wa 1976, kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Mke wake Esther alifariki mwaka wa 1979. Leo akaoa tena mwaka wa 1980. Katika uzee alishikwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha mikono, na bado akaendelea kwenda kazini karibu hadi mwisho. Alifariki tarehe 21 Machi 1991 akiwa na miaka 81. Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, meza yake ya kazi ilihifadhiwa kiwandani jinsi alivyoiacha.

Sauti aliyoitafuta mtu huyu ilikuwa imefika kwetu zamani. Hapa Kenya Fundi Konde wa Pwani, aliyeishi kati ya 1924 na 2000, anahesabiwa miongoni mwa waliotangulia kupiga gita la umeme. Huku kwetu mlimani kuna Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, aliyeaga mwaka wa 2018. Nyimbo zake Mjomba huzipiga kila wikendi.

Tukirudi kibandani, Mzee alipima nati niliyoiharibu akatikisa kichwa. Haikushikika tena. Nilihisi machozi yakinilenga. Ndipo alipoinua macho ukutani. Pale palining'inia gita la zamani lililopasuka mwili, lakini shingo yake nzima. Ilikuwa ya mtindo uleule wa Stratocaster. Akanipa rula: kutoka kijiti cha juu hadi katikati ya safari ya uzi, yaani chuma cha kumi na mbili, tukapata milimita 324. Mara mbili yake ni 648, ndio urefu wa uzi aliouchagua Leo. Ya Mjomba ilikuwa hivyo hivyo. Akanikabidhi bisibisi bila neno. Nikalegeza nyuzi kwanza, kisha nikafungua skurubu nne. Shingo ikatoka. Nikaweka nyingine, tukasugua kidogo mahali pa kuketi kwa msasa, nikafunga. Dakika arobaini tu, na gita lililokufa likawa na shingo hai.

Mzee hakuniacha niondoke kabla ya kunifunza kulisawazisha, na nawaachia mafunzo hayo wale wenye magita nyumbani au kanisani.

Kwanza, funga nyuzi na kuzipandisha hadi sauti zake. Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja, kisha utazame chuma cha saba. Pawe na mwanya wa robo milimita hivi, kama karatasi tatu za daftari. Mwanya ukizidi, kaza nati kidogo; ukikosekana, ilegeze. Usizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, kwa spana inayotoshana na nati, kisha liache gita litulie na upime tena.

Pili, tengeneza kimo cha nyuzi kwenye vitegemeo. Juu ya chuma cha 17 nafasi ya milimita 1.6 ni mwanzo mzuri.

Tatu, sikiliza kama gita linasema kweli. Gusa uzi kidogo juu ya chuma cha 12 na uupige, utatoa sauti nyembamba kama filimbi. Kisha ubonyeze hapo hapo na uupige. Ikiwa sauti ya kubonyeza iko juu zaidi, rudisha kitegemeo nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa iko chini, kisogeze mbele.

Nne, gita likikwaruza unapogeuza kitufe cha sauti, mara nyingi ni vumbi ndani ya kitufe. Likikatika ukitikisa waya, angalia soketi na lehemu zake. Lakini kipaza sauti chenyewe usikifungue! Hata kikiwa kimechomolewa ukutani, umeme uliobaki ndani yake unaweza kuua. Hiyo mwachie fundi.

Jioni ile Mjomba alilichukua gita, akakaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akapiga wimbo mmoja mzima. Sikusikia nyuki hata mmoja. Hakusema lolote kuhusu Nanyuki. Jumamosi iliyofuata alipata kazi Karatina, na karo yangu ikalipwa wiki mbili baada ya shule kufunguliwa. Tangu hapo, kabla hajapanda matatu kwenda Nanyuki, ambako hewa ni kavu kuliko ya kwetu, hunipa gita nilipime kwanza.

Deni moja lilibaki. Mzee alikataa pesa za ile shingo. Alinitaka tu nimsaidie kibandani kila likizo, na Desemba nitakuwa huko. Masomo ya biashara nitaendelea nayo, kwani hata Leo Fender alikuwa mhasibu. Lakini mtu akiniuliza nitakuwa nani, sitaona haya tena kusema fundi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawatakia masomo mema.